Inavutika, Lakini Haikutoshi

Kila mwanamke aliyewahi kununua taiti ya mazoezi Kariakoo au Karume anaijua kauli hii: "Chukua tu dada, inavutika hiyo." Muuzaji anaishika kiunoni kwa mikono miwili, anaivuta hadi unaogopa itachanika, kisha anaiachia irudi. Mjadala umekwisha. Unaondoka na taiti iliyo ndogo kwako kwa namba moja au mbili, na mashoga zako wanakuunga mkono: ikibana ndiyo inakaa vizuri, inashika nyama, inaficha tumbo, inakutoa umbo.

Naipenda taiti. Kwa kukimbia, kuchuchumaa na kujinyoosha, sijaona vazi la kuishinda. Ndiyo maana nashindwa kunyamaza ninaposikia kwamba kadiri inavyobana ndivyo inavyopendeza. Taiti inayopendeza ni ile inayokutosha. Inayokubana kupita kiasi inakunyima vyote viwili, umbo na raha.

Wanaoamini kinyume si wajinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Kitambaa kilicholegea kinacheza, kinasugua mapaja, na suruali inayoteremka kila hatua kumi ni adha. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wanariadha wakubwa huvaa nguo za kubana: Cathy Freeman wa Australia alishinda mita 400 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa amebanwa na vazi lililomfunika hadi kichwani. Tena hospitalini wagonjwa wenye matatizo ya mishipa ya miguu hupewa soksi za kubana, na zinawasaidia.

Hata hivyo, tazama tofauti. Soksi za hospitali huchaguliwa baada ya kuupima mguu wa mgonjwa, na mkazo wake umepangwa: mkali kifundoni, kisha unapungua kadiri unavyopanda. Taiti ya "fri saizi" haikumpima mtu yeyote. Naye Freeman alikimbia kwa sekunde 49. Wewe una saa nzima ya jogingi, na pengine daladala ya kurudia nyumbani.

Kiini cha kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba kuvutika ndiyo sifa ya taiti. Sifa yenyewe ni kurudi. Uzi unaofanya kazi hiyo huandikwa kwenye lebo kama "elastane", "spandex" au "Lycra", na yote ni kitu kimoja. Uligunduliwa mwaka 1958 na mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, Joseph Shivers, na kilichouletea sifa si kurefuka tu, kwani hata sweta la sufu hurefuka. Ni kwamba unaurefusha mara kadhaa ya urefu wake, ukiuachia unarejea ulivyokuwa. Taiti iliyoshonwa kwa akili inatumia sehemu tu ya uwezo huo ukiwa umesimama. Sehemu inayobaki ni akiba ya kuchuchumaa, kupiga hatua ndefu, kuinua goti hadi kifuani. Ukinunua ndogo, unaitumia akiba yote kabla hujaanza mazoezi. Ukichuchumaa, makalio na magoti yanadai kitambaa zaidi na hakipo, kwa hiyo kinavutwa kutoka kiunoni. Wengi wanaolalamika kwamba taiti yao inateremka huenda kutafuta inayobana zaidi, ilhali mara nyingi inateremka kwa sababu ni ndogo.

Madhara yake ni haya.

Kwanza, inaonesha ndani. Andika kwa wino mweusi kwenye puto kisha ulipulize: wino ni uleule, lakini umegeuka kijivu. Kitambaa cha kufuma kikivutwa kupita kiasi, vitundu kati ya nyuzi hupanuka na mwanga hupita. Hapa huibuka mtu akasema, basi nivae nyeusi, nyeusi inaficha kila kitu. Haifichi. Machi 2013 kampuni ya Lululemon ya Kanada, ambayo jina lake limejengwa na suruali za yoga, iliondoa madukani suruali zake nyeusi kwa sababu zilikuwa zinaonesha ndani. Zilikuwa kama asilimia 17 ya nguo zote za chini za wanawake ilizokuwa ikiuza. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba nguo hizo hazikufikia viwango vyake. Novemba mwaka huohuo mwanzilishi wake, Chip Wilson, alisema hadharani kwamba miili ya baadhi ya wanawake haifai kwa suruali hizo. Wateja walikuja juu, na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba anaachia uenyekiti. Namtaja kwa sababu fikra yake ndiyo iliyojificha nyuma ya kauli nyingi za sokoni: nguo ikikushinda, mwenye kosa ni mwili wako. Nguo ndiyo inayopaswa kuufuata mwili.

Pili, inaharibu umbo lilelile ulilotaka kulitengeneza. Nyama haiyeyuki kwa kubanwa, inahama. Mkanda mwembamba wenye lastiki kali ukikata katikati ya tumbo, unaligawa tumbo moja kuwa matumbo mawili, moja juu ya mkanda na jingine chini yake, na fulana yoyote utakayovaa itayaonesha. Kinachotuliza tumbo ni upana wa mkanda, si ukali wake. Mkanda mpana kama kiganja, wenye kitambaa cha tabaka mbili, unaopanda hadi kitovuni au juu yake kidogo, unasambaza mkazo na hauachi mstari. Hii ndiyo siri ya taiti zinazosifiwa kwamba "zinashika". Wala hazikuumizi.

Tatu, afya. Nitakuwa mfupi, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Nguo inayokaza sana kwenye nyonga inaweza kukandamiza neva inayopita pembeni mwa paja, ukaanza kuhisi ganzi au kama unachomwachomwa. Kukaa muda mrefu na nguo ya kubana iliyolowa jasho kunawapa fangasi mazingira wanayoyapenda. Na wale wanaosema kubanwa na kutoka jasho jingi kunachoma mafuta ya tumbo, wajue kwamba jasho ni maji na chumvi. Uzito unaopungua hivyo unarudi ukishakunywa maji.

Kuna imani ya pili, binamu wa hiyo ya kwanza: kwamba kwa joto letu la pwani, pamba ndiyo kitambaa bora. Nakubali nusu yake. Pamba ni laini, haiwashi, na kwa kutembea taratibu jioni au kujinyoosha sebuleni haina mpinzani. Tena haishiki harufu ya jasho kama polista inavyoshika, na aliyewahi kuisahau taiti ya polista ndani ya begi kwa siku mbili ataniunga mkono. Lakini pamba hunywa maji. Katika hali ya kawaida ya hewa hubeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, ilhali polista haifikishi hata asilimia 1 na nailoni iko kama 4. Ukikimbia asubuhi kwenye Daraja la Tanzanite, hewa yenyewe tayari imejaa unyevu na jasho linakauka kwa shida. Taiti ya pamba inalowa, inakuwa nzito, inaning'inia magotini na kuanza kukuchubua. Kwa mazoezi ya jasho, tafuta nailoni au polista yenye elastane ya asilimia 15 hadi 25. Za pamba zilizojaa sokoni mara nyingi zina 5 tu, ndiyo maana magoti yake hayachelewi kutuna.

Lipo pingamizi moja ambalo siwezi kulidharau: bei. Si kila mtu ana fedha ya taiti ya dukani, na wengi wetu tunavaa mitumba. Sioni ubaya. Kwenye rundo la mitumba kuna taiti zilizoshonwa vizuri kuliko nyingi mpya, mradi ujue cha kutazama. Puuza namba ya lebo kwanza, kwa sababu 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani, na viwanda vingine vina hesabu zao. Ingiza mkono ndani, panua vidole, uinue kwenye mwanga: ukiona mistari ya kiganja chako, iache. Ivute, uiachie, uangalie kama imerudi sawasawa au imebaki na mawimbi. Mawimbi maana yake elastane imekufa, na hakuna fundi wa kuifufua. Geuza ndani nje uone mishono. Mshono wa ovaloki uliovimba utakusugua paja. Unaotakiwa ni ule uliolala bapa. Pale mapaja yanapokutana, pendelea yenye kipande cha ziada kilichoshonewa kuliko yenye mishono minne inayokutana mahali pamoja, kwa sababu ndipo taiti nyingi hupasukia.

Ukishaivaa, chuchumaa hadi chini, inama, inua goti. Mkanda usijikunje wala kuteremka, na vidole viwili vipite kiunoni bila kulazimisha. Kama nyuma ya goti kuna mikunjo mingi, ni kubwa, shuka namba moja. Sijasema popote kwamba ilegee. Ukiivua na kukuta alama hafifu zinazofutika baada ya muda mfupi, hakuna tatizo. Mifereji myekundu inayowasha ni jibu kwamba haikutoshi. Nyumbani ifue kwa maji ya baridi, usiitie jiki, usiipige pasi, ianike kivulini, maana klorini, joto na jua kali vyote huua elastane.

Yote hayo yanahitaji mtu aijaribu nguo kabla ya kulipa, na hapo nina ombi kwa wauzaji. Pembeni ya kibanda tundikeni pazia na kioo, hata kiwe cha kuazima. Mteja anayechuchumaa mbele ya kioo na kuridhika hatarudi kesho kudai fedha yake.