Chokaa ya Kigango Iliyorudi Kuwa Jiwe

Juma hili sina budi kuanza kwa kuungama. Chokaa ya kupaka kuta za kigango chetu, iliyonunuliwa kwa fedha za kahawa na ndizi za waumini, imeharibika, na mwenye kosa ni mimi karani. Nilifungua mifuko sita ili kuikagua, masika yakaanza, nami nikaiacha wazi stoo miezi mitatu.

Mzee fundi alipokuja alitwaa donge moja, akalikamulia limau. Likatoa povu. “Mwanangu karani,” akasema, “chokaa hii imekufa. Imerudi kuwa jiwe.” Nilidhani ni maneno ya mafundi tu. Kumbe ni elimu kamili.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, au matumbawe ya pwani, katika tanuri lenye moto wa digrii 900 hivi. Ndani ya jiwe hilo imefungwa hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo kifuani na itokayo katika moto wa kuni. Jiwe safi la kilo 100 likiisha kuungua hubaki kilo 56. Kilo 44 zimepanda angani. Kisha chokaa ikizimwa kwa maji, huwa kama mwenye njaa: huivuta tena hewa ile kidogo kidogo, hasa penye unyevu. Ikiwa ukutani ni heri, maana ndivyo inavyoshika na kuwa ngumu. Ikiwa mfukoni, ni hasara ya karani. Lile povu la limau lilikuwa hewa hiyo ikitoroka.

Lakini hewa iliingiaje katika jiwe tangu mwanzo? Twende mlimani kwetu. Mvua inyeshayo juu ya migomba huchukua hewa ya ukaa angani, na zaidi udongoni, ambamo mizizi hupumua na majani huoza. Maji hayo huwa na uchachu kidogo mno, hata ulimi hauutambui, lakini huyala mawe meusi ya Kibo na Mawenzi mwaka baada ya mwaka. Yaliyoyeyuka, pamoja na hewa ile, hushuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, hufuata mto Pangani hata Bahari ya Hindi. Huko chaza na matumbawe huyatwaa na kujijengea nyumba. Wakifa, maganda yao hurundikana na kuwa jiwe.

Jani la mgomba nalo huivuta hewa hiyo hiyo leo. Ng’ombe akilila, kabla ya Pasaka ijayo nyingi imekwisha kurudi angani. Safari ya jiwe ni ya maelfu na mamilioni ya miaka. Tanuri hulifungua kwa siku chache tu, na viwanda vya saruji ulimwenguni hufanya hivyo mchana na usiku. Mlima hauwezi kuwahi.

Mifuko mitatu ilikuwa bado imeshonwa, nayo ni mizima. Ile sita Padre Paroko amekubali niilipe kwa mafungu hadi Desemba. Chokaa iliyokufa haitupwi: udongo wa kahawa uliochachuka huitaka, ila kwanza bwana shamba aupime. Mtu wa kigango chetu anayeitaka na aje na debe lake Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi.