Ukubwa kwanza, taa baadaye

Kijana anayejipanga kucheza gemu kwenye kompyuta humalizia pesa karibu zote kwenye mausi: taa za rangi zote na tarakimu kubwa zilizopambwa kwenye boksi. Akifika nyumbani anaitelezesha juu ya meza tupu, au juu ya pedi ndogo ya ofisini, ile ya kugawiwa bure yenye nembo ya benki. Hapo ndipo anapojiponza.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye Counter-Strike 2, wachezaji wengi mahiri hupenda mausi ya mwendo wa polepole. Mfano ni DPI 400, yaani hatua 400 kwa kila inchi mausi inayosogea, na kasi ya 2 ndani ya gemu. Kwa mpangilio huo, mausi husafiri takriban sentimita 52 ndipo mchezaji azunguke duara zima. Kumgeukia adui aliyemtokea mgongoni kunataka sentimita 26. Pedi ya ofisini yenye upana wa sentimita 22 inaisha njiani. Mchezaji anainua mausi, anairudisha katikati, na kufikia hapo ameshapigwa risasi.

Basi pedi ya sentimita 45 kwa 40 si anasa. Anayecheza Dota 2, ambako kishale huzunguka ndani ya skrini tu, anaweza kuridhika na ndogo zaidi.

Kuhusu uso wa pedi, ubishi hauishi. Kampuni ya SteelSeries ilianzia Denmark mwaka 2001 kwa jina la Soft Trading, ikiuza pedi ya kioo iliyoitwa Icemat. Ajabu ni kwamba leo pedi yake maarufu kuliko zote, QcK, ni ya kitambaa kilichobandikwa juu ya mpira. Uso mgumu huteleza kwa kasi, lakini nao husugua na kula miguu ya mausi. Kitambaa hukaza kidogo, na mkazo huo ndio unaosaidia mkono kusimama pale pale penye shabaha. Kwa gemu za risasi, kitambaa kinastahili kupewa nafasi ya kwanza.

Ila kitambaa hunywa jasho. Dar es Salaam au Mombasa, chumba kikiwa hakina kiyoyozi, pedi iliyoteleza vizuri asubuhi huwa nzito jioni. Wa pwani mwenye viganja vya jasho ana haki ya kufikiria plastiki ngumu. Asiyetaka, aifue pedi yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha aianike kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu mpira wa chini. Aangalie pia kingo zilizoshonwa, maana zisizoshonwa huanza kufumuka mapema pale mkono unapoegemea. Na ile iliyokwisha kulainika na kung'aa katikati kwa kusuguliwa, sabuni haiirudishi. Hiyo ni ya kubadilisha.