MWANAMKE NA JIMU: NANI ALIAMBIWA ATANGULIE?



Ndugu zangu katika imani, dada zetu wa Kahama, Shinyanga mjini, Geita na Katoro wamekuwa wakiniuliza: "Sheikh, nataka kujiunga na jimu ya wanawake watupu, nipunguze uzito na nipate nguvu. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya kizungu. Je, inafaa?"

Dada yangu, inafaa, kwa masharti nitakayoyataja. Lakini leo maneno yangu mengi ni kwetu sisi wanaume.

Tuanze na hali yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi. Utafiti wa 2015/16 ukakuta 28. Bibi zetu walilima, walitwanga na walichota maji mbali. Leo mama wa Katoro anafungua duka asubuhi, anakaa kwenye stuli mpaka Isha, anarudi kwa bodaboda. Duara likitema, nyumba inajaa soda na chipsi. Akinenepa tunamsifu: "Ameolewa vizuri, amenawiri." Akipungua kidogo majirani wananong'ona: "Anaumwa nini yule?" Matokeo yake dada anaogopa midomo ya watu kuliko presha na sukari, mpaka siku anapopewa barua ya kwenda Bugando.

Sasa sikilizeni kisa kilichopokewa na Abu Daud na Imam Ahmad. Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini na mama yetu Aisha (r.a.), naye bado binti mwembamba. Akawaambia watu watangulie. Walipokwisha kutangulia, akamwalika mkewe washindane mbio, na Bi Aisha akamshinda. Ukapita muda, Bi Aisha akaongezeka mwili, akalisahau jambo lile. Katika safari nyingine Mtume (s.a.w.) akawaambia tena watu watangulie, akamwalika tena. Safari hii akashinda yeye, akacheka, akamtania kwamba sasa wamelipana.

Angalieni mambo matatu.

La kwanza, hakumwambia kwamba kukimbia si kazi ya mwanamke.

La pili, mkewe aliponenepa hakumkejeli. Alimwalika tena mchezoni. Wewe unamwambia mkeo mbele ya watoto kwamba amekuwa kama kiroba, kisha akitaka kufanya mazoezi unamkatalia. Unataka afanye nini?

La tatu, na hili ndilo kubwa: nani aliambiwa aondoke? Wanaume! Stara ya Bi Aisha ililindwa kwa kuwatanguliza wanaume, haikulindwa kwa kumkalisha yeye. Sisi tumegeuza. Kila panapokuwa na jambo la kheri, wanaume tunalijaza, kisha tunamwambia mwanamke abaki nyumbani kwa ajili ya stara.

Mnakumbuka Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Jambo jema. Lakini mazoezi ya barabarani ni mchanganyiko wa wanaume na wanawake, tukasema kwa dada zetu hayafai. Sawa, kwa namna ile hayafai. Umeshasema hayafai, umempa nini badala yake? Kufunga mlango mmoja bila kufungua mwingine si ulinzi. Ni uvivu wetu tumeuvika kanzu.

Wapo wanaoleta hadithi ya wanawake wa Sham waliomtembelea Bi Aisha, akawaonya kuhusu kuvua nguo nje ya nyumba za waume zao. Hadithi hiyo ipo na tunaiheshimu. Wapo wanachuoni walioichukua kwa upana wake, wakazuia kumbi hizi. Wengine wamefahamu kwamba katazo ni kujifunua mahali ambapo stara haina dhamana, kwani wanawake wale walikuwa wakiingia mabafu ya umma. Mimi naona kauli ya pili ina nguvu, maadamu mwanamke anafanya mazoezi akiwa amevaa. Hata Saudi Arabia ilitangaza mwaka 2017 kuanza kutoa leseni za jimu za wanawake. Hiyo si dalili ya kisheria, ila anayesema ni mambo ya kizungu ajue.

Masharti ni haya:

1. Asiwepo mwanamume: si mwalimu, si fundi, si mwenye jengo anayepita kuchukua kodi. Madirisha yazibwe.

2. Simu zibaki nje. Video moja ya status inavunja stara ya wote waliokuwemo.

3. Baina ya wanawake pia kuna mipaka. Kati ya kitovu na magoti pasifunuliwe, na nguo isiwe ya kubana mpaka ikachora mwili.

4. Mume ajue, swala isipite, watoto wasitelekezwe.

5. Nia iwe kuitunza amana ya Allah, si kushindana na picha za mitandaoni.

Si kila mmoja anahitaji jimu. Mama anayeponda mawe ya dhahabu Nyarugusu kutwa nzima amekwisha fanya mazoezi. Yeye anahitaji kupumzika na kukingwa na vumbi. Na asiye na ada afanyie nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Ruka kamba. Kaa na inuka kwenye stuli mara 15. Beba dumu la lita tano kila mkono, zunguka uani. Mjamzito au mwenye presha amuone daktari kwanza. Na usitoke kwenye mazoezi ukaenda kunywa soda mbili! Mtume (s.a.w.) ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi.

Kamati za misikiti, kumbi za madrasa zinakaa tupu asubuhi watoto wakiwa shule. Toeni saa mbili, siku tatu kwa wiki. Wekeni pazia na komeo, mtafuteni mwalimu mwanamke. Na wewe kaka, unalipia king'amuzi kila mwezi uwatazame vijana wa watu wakikimbia. Mlipie na mkeo akimbie.

Dada yangu, nguvu hiyo utaihitaji. Utaihitaji kusujudu bila kushika ukuta, kusimama Tarawehe, na siku Allah akikuita Makka, kwenda Safa na Marwa mara saba, karibu kilomita tatu. Njia ile mamilioni ya wanaume wanaifuata, na aliyeikimbia mwanzo ni mwanamke, mama yetu Hajar, akimtafutia mwanawe maji.

Allah awape dada zetu afya na stara, na atupe sisi wanaume adabu ya kutangulia. Amin.

Mtumie mumeo asome. Wabillahi tawfiq.