Mwacheni Bibi Aimbe

Mwezi wa sita, wakati baridi ya uwanda huu inapokuwa imekolea na ukungu ukichelewa kuondoka uani hata saa tatu za asubuhi, tulipokea mgeni hapa Mnyambe. Umri wake ni miaka miwili na miezi minne. Aliletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam na mama yake, binti yangu wa tatu, akafika yu usingizini, ameikumbatia simu kama watoto wa zamani walivyomkumbatia mwanasesere wa matambara.

Jioni ileile binti yangu alimfuata mama yake jikoni, akasema kwa adabu zote: “Mama, naomba sana, msimsemeshe Kimakonde. Mwakani anaanza shule, asije akachanganyikiwa.” Mama yake hakujibu. Alinigeukia mimi, kwa kuwa katika nyumba hii mwenye vyeti vya lugha ni mimi. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale niliyatambua: yalikuwa yangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kabla ya hapo nilitoka chuo cha ualimu nikiamini kwamba lugha ya nyumbani ni kikwazo cha lugha ya taifa. Niliwahi kuwapa adhabu ya kufagia uwanja wanafunzi niliowasikia wakiteta kwa Kimakonde chini ya mwembe, nami mwenyewe ni Mmakonde. Wanangu niliwakataza mezani na uani. Binti huyu alikuwa mwanafunzi mzuri. Alichokifanya jikoni ni kumrudishia mwalimu somo lake.

Usiku wa kwanza na wa pili mtoto alilazwa kwa katuni. Simu iliwekwa mbele ya uso wake, ikaimba Kiingereza cha harakaharaka, naye akakodoa macho hadi usingizi ukamwangusha kama mtu aliyechoka kubishana. Usiku wa tatu umeme ulikatika, simu ikazima. Ndipo tukasikia kilio.

Nikasema moyoni, hii ni kazi ya mshairi. Nikampakata mjukuu, nikatunga papo hapo:

Lala mwana wa mwanangu, usiku umewadia,
Lalia mkono wangu, machozi kuyazuia,
Yametandaa mawingu, baridi yatuvamia,
Nyamaza kipenzi changu, babuyo nakuimbia.

Hesabuni wenyewe. Mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, na mawingu yalikuwa ya kweli. Mtoto alinitazama kitambo kidogo, kisha akalia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi njia panda.

Mke wangu aliingia gizani bila taa. Alimtwaa, akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akaanza kutembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi, akimpigapiga makalio polepole. Akaimba. Wimbo wenyewe una maneno machache, saba au manane, yanayorudi na kurudi, na kila yanaporudi sauti hushuka kidogo, kama mtu anayeteremka bondeni bila haraka. Ni wa Kimakonde; aliimbiwa na mama yake. Hakuzunguka hata mara kumi, kichwa cha mtoto kikawa kimemlalia mgongoni. “Mume wangu kachoka,” akasema, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kiume, akamlaza. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Usiku ule hakusema kitu. Asubuhi alirudia ombi lake.

Nilimsimulia kisa hiki mshairi mwenzangu, mtu ninayemheshimu kwa umbuji wake, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. “Mwalimu,” aliniambia, “binti yako ana haki. Mtoto wa Kitanzania apokewe duniani na Kiswahili fasaha. Ukabila tuliuzika zamani, usiufukue kwa nyimbo.” Ni kwa ajili ya jibu hilo nimeshika kalamu, kwa kuwa najua hayuko peke yake. Miongoni mwetu tunaoipenda lugha hii wapo wengi wanaodhani kwamba kila neno la Kimakonde, la Kiyao au la Kimakua linalotamkwa kitandani mwa mtoto limeiba nafasi ya neno la Kiswahili. Nasema si kweli, na nasema tunajidhuru wenyewe.

Tuanze na huko kuchanganyikiwa. Nendeni Masasi mkawaangalie watoto wa mitaa ambamo Kimakua, Kiyao na Kimakonde vinapita ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikitawala sokoni. Mtoto wa miaka mitano anajua bibi wa nyumba hii huamkiwa vipi na mwenye duka huagizwa kwa lugha gani. Akikosea, anachekwa, anarekebisha, anaendelea na mchezo. Wanaochanganyikiwa ni watu wazima. Na huyu mjukuu wangu, anayelindwa asisikie Kimakonde, tayari husema “bai bai” na “yelo”, wala hakuna aliyeingiwa na hofu juu ya ubongo wake.

Hapo ndipo mwenzangu alipopofuka. Anadhani binti yangu anakilinda Kiswahili. Binti yangu hakilindi Kiswahili. Anasafisha njia ya Kiingereza. Leo Kimakonde kinamchanganya mtoto. Kesho, shuleni, ataambiwa Kiswahili ndicho kinachomchanganya. Tumekwisha kuziona shule ambamo mtoto huadhibiwa kwa kusema Kiswahili uwanjani. Mkono unaomwadhibu naufahamu vizuri, kwa kuwa niliwahi kuwa nao.

Sasa niseme kama mwalimu wa sarufi. Mtoto anayejua kwamba mtu ni munu na watu ni vanu, kitu ni chinu na vitu ni vinu, amekwisha kuingia katika nyumba ya ngeli. Kiswahili kitakapomfikia hatakikuta kigeni. Vyumba ni vilevile, mapazia ndiyo tofauti. Nilipokuwa nikifundisha upatanisho wa kisarufi, waliokuwa wakiupata upesi kuliko wote ni wale wale niliowafagilisha uwanja. Sikuunganisha mambo hayo mawili hadi nilipostaafu. Na hilo neno ngeli, tunaloliandika ubaoni kana kwamba liliota pwani, tulilipata kwa Wahaya.

Sikio nalo lina shule yake. Kimakonde huivuta silabi ya pili kutoka mwisho wa neno; Kiswahili huitilia mkazo silabi hiyohiyo. Mtoto anayebebwa mgongoni na bibi anayeimba huku akimpiga makalio taratibu anapokea mapigo hayo kwa sikio na kwa mwili wake, usiku baada ya usiku, miaka mingi kabla ya mwalimu kumwambia kwamba kuna kitu kinaitwa mizani. Tunashangaa kwa nini vijana wa leo wanahesabu silabi kwa vidole na bado mshororo unachechemea. Nani aliwaimbia?

Ama kuhusu ukabila, naomba tuwe na haya mbele ya majina yetu wenyewe. Mathias Mnyampala, tunayemsifu kwa ngonjera, alikuwa Mgogo, na kabla ya Ngonjera za UKUTA aliwaandikia Wagogo historia, mila na desturi zao, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe na kukulia katika Kikerewe, kisha akaja na Kichomi mwaka 1974, tukagombana naye miaka mingi juu ya vina, lakini hakuna aliyethubutu kusema hajui Kiswahili. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenzangu alimtaja kama shahidi wake, alikuwa Mzanaki. Kizanaki hakikumzuia kulijenga taifa, wala hakikumzuia kumfasiri Shakespeare, Julius Caesar na kisha Mabepari wa Venisi. Hata Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliwataka wananchi waendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za asili, na ikazihesabu kuwa hazina ya kukikuzia Kiswahili. Sera hiyo ilikuwapo nilipokuwa nikitoa adhabu zangu. Nilikuwa sijaisoma.

Siwezi, hata hivyo, kumshambulia binti yangu kwa moyo wote. Nimekwenda kwake Dar es Salaam, nimelala huko wiki mbili. Hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, hurudi giza limeingia. Mume wake ni Mnyakyusa, mtu mwema sana. Dada anayewasaidia kazi ametoka mkoa mwingine kabisa. Lugha inayowakutanisha wote wanne ni Kiswahili, na ndivyo inavyopasa kuwa. Mtoto anapolia saa nne za usiku, na mama ana nguo za kufua na miguu inayowaka moto, simu ndiyo bibi pekee aliyebaki katika nyumba ile. Ni rahisi kwangu niliyepumzika, mwenye uzee na kiti cha kamba chini ya mkorosho, kumwambia azime simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Ushauri mzuri. Haukusema nani atambeba.

Nilimwuliza binti yangu: “Kama hutaki Kimakonde, kwa nini usimwimbie kwa Kiswahili?” Alifikiri, akajibu: “Upi, baba?”

Swali hilo limenikosesha usingizi kuliko kilio cha mtoto. Kwa miaka yote ile niliandika ubaoni neno bembea, nikalieleza: nyimbo za kubembeleza watoto. Wanafunzi walinakili. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliipa bembea nafasi yake pamoja na wawe, kimai na nyinginezo, nasi walimu tukaikariri orodha ile kama majina ya vituo vya reli. Katika mitihani niliyosahihisha, fafanuzi sahihi za bembea zilikuwa nyingi mno. Sikumbuki kumwomba hata mwanafunzi mmoja aimbe. Binti yangu alipata alama ya juu katika Kiswahili, na hakuna bembea hata moja kifuani mwake, ya Kiswahili wala ya Kimakonde. Ile ya Kimakonde nilimnyang'anya mimi. Ya Kiswahili sikumpa.

Nanyi, washairi wenzangu, mtanisamehe. Nimezipitia diwani zilizo rafuni mwangu, moja baada ya moja. Humo mna wasia kwa vijana, mna mahaba ya kila rangi, mna sifa za viongozi walio hai na waliokufa, mna majibizano yanayochukua kurasa nzima juu ya kama kibwagizo kibadilike au kisibadilike. Sikuona wimbo ambao mama aliyechoka anaweza kuukumbuka gizani. Kila tarehe 7 Julai tunapanda majukwaani kusherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, na usiku wa siku hiyohiyo watoto wetu wanalazwa na sauti za kompyuta kutoka ng'ambo. Tunamlaumu nani? Bembea haitaki istiari nzito wala msamiati wa kale. Inataka pumzi, marudio, na jina la mtoto mahali panapofaa kulitia. Niliposhindwa usiku ule, nilishindwa kwa sababu nilimtungia msomaji, na mtoto hakuwa msomaji.

Kwa hiyo, anayetaka Kiswahili kiingie kitandani mwa mtoto na akilete kwa wimbo. Asikilete kwa marufuku. Bibi wa Mnyambe aimbe chake, bibi wa Tukuyu aimbe chake wajukuu watakapomtembelea, na mama aliye kati yao, Dar es Salaam, tumtungie cha Kiswahili ambacho wote wawili watakipenda. Mtoto ana masikio mawili, na usiku ni mrefu.

Nawaomba wasomaji mlioimbiwa utotoni kwa Kiswahili, huko Tanga, Kilwa, Unguja au Lamu, mziandike nyimbo hizo mnavyozikumbuka, hata vipande, na mseme ni nani aliyewaimbia. Mimi nimenunua daftari jipya, nikaketi mbele ya mke wangu na kalamu mkononi, nikamwambia: “Mama watoto, anza.” Akacheka. Alijaribu mara mbili, akakwama katika neno la tatu, akaliweka kando daftari langu na kurudi kwenye korosho alizokuwa akibangua. Anasema maneno hayaji bila mtoto mgongoni. Binti yetu ameahidi kuwaleta tena Desemba. Wala hajasema lolote, safari hii, kuhusu Kimakonde. Mbeleko imefuliwa, imekunjwa, iko juu ya sanduku.