Chanjo ya Saratani ya Tumbo: Tukingoja, Tufanye Nini?



Wengi wetu tumezoea kuumwa tumbo. Likiwaka tunasingizia maharagwe, tunameza dawa ya kiungulia, kisha tunarudi jikoni. Lakini maumivu ya kila mara si ya kuzoewa.

Mwaka 1982, madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, waliotesha maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilimweka kati ya visababishi vya saratani. Walio wengi hawafikii huko, ila maambukizi huanza utotoni, mara nyingi humo humo nyumbani.

Wataalamu wanatafuta chanjo. Ile ya kunywa iliyojaribiwa China kwa watoto wa miaka 6 hadi 15 ilipunguza maambukizi kwa asilimia 72 hivi katika mwaka wa kwanza, kwa matokeo ya 2015. Wengine wanatumia nanoteknolojia, yaani vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vifuko hivyo hubeba kipande cha bakteria, hukikinga na asidi ya tumbo, na kukifikisha kwa askari wa mwili ili wamjue adui mapema. Baadhi ya chanjo za Uviko zilizotoka 2020 zilisafirishwa katika vifuko vya mafuta vya namna hiyo. Hata kwa wagonjwa wa saratani, wanajaribu kuwafundisha askari hao kuitambua.

Hayo bado ni majaribio. Basi atakayekuuzia chanjo hiyo leo, mkimbie!

Tiba ya bakteria ipo. Kipimo cha pumzi au choo humtambua. Dawa za kumuua huchanganywa na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Tuzimalize hata tukipata nafuu. Tunawe mikono, tunywe maji salama, tupunguze chumvi. Ukikonda bila sababu, ukishiba upesi, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali bila kuchelewa.

Dada mpendwa, kuomba na kutibiwa havigombani. Mama anayeficha maumivu ili asiisumbue familia anaweza kuiachia huzuni kubwa zaidi. Mwambie mumeo, kapimwe.