Banda la Kuku na Bustani ya Mboga: Darasa au Adhabu?

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kufaidi matunda yake. Zaidi ya nusu karne imepita, na shule nyingi nchini zingali na banda la kuku au matuta machache ya mchicha nyuma ya madarasa. Swali tunalouliza katika makala haya ni dogo, lakini sisi wakufunzi na walimu hatuna budi kulijibu kwa unyofu: mtoto aingiapo katika banda hilo, huingia kujifunza, au huingia kwa sababu amechelewa shule?

Tukiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tumewahi kuketi nyuma ya darasa lililokuwa likifundishwa sehemu za mwili wa kuku. Mwanachuo alikuwa na andalio zuri la somo na mchoro safi ubaoni. Nje ya dirisha, hatua kama ishirini tu, kuku wa shule walikuwa wakitetea. Hakuna aliyetoka kuwatazama. Kipindi kilipokwisha, wavulana watatu waliopiga kelele walipewa fagio na kuamriwa wakasafishe banda. Hivyo watoto walifundishwa mambo mawili siku hiyo: kwamba elimu iko ubaoni, na kwamba kuku ni adhabu.

Hatusemi haya kuwalaumu wanachuo. Walifanya waliyoyaona kwetu. Jembe likitumika kama fimbo kwa miaka saba, tusishangae kijana akimaliza shule akilikimbia. Maoni yetu ni kwamba adhabu ya kulima au kusafisha banda ikomeshwe kabisa, na kazi hizo zipangwe katika azimio la kazi kama somo lingine lolote.

Banda

Banda la kufundishia si lazima liwe la gharama. Miti, udongo na nyasi vinatosha, mradi hewa ipite, mvua isiingie, na kicheche asipate tundu. Kila mita moja ya mraba wakae kuku wanne au watano, wasizidi. Kuku wawekewe vichanja vya kulalia, na viota viwe mahali penye kiza kidogo. Sakafuni patandazwe maranda au makapi ya mpunga, nayo yageuzwe mara kwa mara yasilowe.

Vifaranga hufundisha kuliko kitabu. Juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kidogo kila juma. Shule isiyo na kipimajoto isikate tamaa, kwani vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakijikusanya karibu na taa au jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia ukutani huku wakihema, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kunywa, wako salama. Mtoto akiachwa atazame kwa dakika kumi na aseme alichokiona, atakuwa amefanya kazi ya sayansi iliyo ya kweli.

Tukija kwenye maradhi, tunakiri kosa letu wenyewe. Katika chuo tulichokuwa tukifundisha zamani, tulipoteza kuku 36 ndani ya siku tisa. Walianza kuzubaa, wakaharisha kinyesi cha kijani, wengine wakapinda shingo. Ulikuwa mdondo. Chanjo ilipasa kutolewa wakati wa likizo, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameishughulikia. Tulipofungua daftari tukakuta chanjo ya mwisho ilitolewa miezi saba nyuma. Mdondo hauna dawa, kinga yake ni chanjo tu. Ile iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hupewa kuku walio wazima, kwani ikitolewa ugonjwa ukiisha kuingia haiponyi.

Tuliwazika kuku wale katika shimo refu pamoja na wanachuo, tukasafisha banda, tukalipaka chokaa na kuliacha tupu kwa muda. Baadaye tulikaa chini ya mwembe na kuulizana ni nani aliyekosa. Jibu tulilolipata lilikuwa kwamba kazi isiyo na jina la mtu haina mtu. Wanachuo wale wamekwisha kuwa walimu. Tunaamini hawatasahau chanjo, nasi tunasikitika kwamba walijifunza kwa bei kubwa namna ile.

Samadi na matuta

Banda na bustani vifundishwe pamoja, kwa maana kimoja hukilisha kingine. Mabaki ya mchicha na majani ya kabichi huwaendea kuku, na samadi ya kuku huiendea bustani. Hapa pana kosa la kawaida. Samadi mbichi ya kuku ni kali, ina naitrojeni nyingi, nayo huunguza mizizi ya miche. Tena huweza kubeba vijidudu vya maradhi, hivyo isiwekwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Irundikwe pamoja na majani makavu na takataka za jikoni, ilowanishwe kiasi, igeuzwe, na iachwe ioze kwa miezi mitatu hivi. Ikiiva huwa nyeusi, hupukutika mkononi, na harufu yake ni ya udongo.

Matuta yawe na upana wa mita moja, ili mtoto afikie katikati bila kulikanyaga tuta. Anayeanza aanze na mchicha, kwa sababu huvunwa baada ya majuma matatu au manne, na mtoto huona jasho lake kabla hajachoka kungoja. Nyanya, bilinganya, pilipili na mnafu ni jamii moja. Visifuatane katika tuta moja, maana adui wa mmoja ni adui wa wote. Baada yake ipandwe kunde, ambayo mizizi yake huongeza rutuba. Maji yamwagiliwe asubuhi au jioni, na udongo ufunikwe kwa nyasi kavu usikauke upesi.

Daftari

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi na mitihani inangoja. Tunawajibu kwamba banda lenye daftari ni kipindi cha hisabati. Tuseme kuku wa mayai ni 24, na leo wametaga mayai 15. Wanafunzi watafute asilimia: ni 62.5. Kila kuku akila gramu 110 kwa siku, wote wamekula kilo 2.64, yaani gramu 176 za chakula kwa kila yai. Bei ya chakula ni ngapi sokoni? Yai liuzwe kwa bei gani ili shule isipate hasara? Hesabu hizi mtoto hazikariri, kwa sababu kesho mayai yatakuwa 13 naye atataka kujua ni kwa nini. Katika daftari hilohilo iandikwe tarehe ya chanjo ijayo, na jina la atakayehusika hata wakati wa likizo.

Mayai ni ya nani?

Mzazi mmoja alituambia kikaoni, "Mwalimu, nimemleta mwanangu asome, sikumleta awe kibarua." Tulidhani anadharau kilimo, tukaanza kumhubiria. Kumbe mwanawe alikuwa amefuga kuku muhula mzima pasipo kuonja hata yai moja, wala kuambiwa fedha zilikwenda wapi. Mzee huyo alikuwa na haki. Shule isiyowaeleza watoto mapato ya jasho lao huwafundisha kunyonywa na kunyamaza. Tunapendekeza hesabu za mauzo zisomwe mbele ya wanafunzi kila mwisho wa mwezi, nao wawe na sauti katika kuamua: mayai yaongezwe katika uji na chakula cha mchana, au yanunue madaftari, au yanunue vifaranga wapya.

Ndugu walimu, hatuhitaji kungoja fungu la fedha ndipo tuanze. Kuku watano, matuta mawili na daftari moja vyatosha kwa muhula wa kwanza. Linalotakiwa zaidi ni sisi wenyewe kuingia bandani pamoja na watoto, tukishika fagio sawa na wao. Mtoto akimwona mwalimu wake ameinama akikagua kinyesi cha kuku na kuandika alichokiona, hataambiwa tena kwamba kazi ni heshima. Atakuwa amekwisha kuliona.