Cavendish hajaipora rekodi ya Merckx
Tangu Mark Cavendish ashinde hatua yake ya 35 ya mbio za baiskeli za Tour de France, Julai 3, 2024, huko Saint-Vulbas, wapo wanaonung'unika kuwa rekodi ya Eddy Merckx ya kushinda hatua nyingi zaidi imevunjwa na mtu wa mita 200 za mwisho. Kweli, Merckx alitwaa Tour mara tano, na Cavendish hakukaribia hata mara moja. Lakini mtu wa kasi naye huivuka milima ileile, na mwili wake haukuumbwa kwa miinuko. Akipitisha muda uliowekwa anaondolewa, kama yalivyomkuta Cavendish mwenyewe mwaka 2018.

Wengine watasema anabebwa na wenzake. Anabebwa, naam: humkingia upepo kwa zamu hadi karibu na mstari. Baada ya hapo yuko peke yake, kasi imepita kilomita 60 kwa saa, akitafuta mwanya katikati ya viwiko, na kosa dogo ni mfupa kuvunjika. Aliyeshinda hivyo mwaka 2008, akaugua, akapitia sonona, kisha akashinda tena akiwa na miaka 39, hajapewa rekodi hiyo kwa hisani ya mtu.